Msaada wakuu: Nyasi ya ndani ya maji imemeza bwawa langu la perege, nikiing'oa inarudi maradufu

Bwawa la Mkuyuni

Wakuu salaam. Nina bwawa la samaki Mkuyuni, Morogoro Vijijini, mita 30 kwa 20. Maji nayavuta kwa mfereji kutoka kijito kinachoshuka Uluguru. Humo nafuga perege, na kambale wachache wa kupunguza vifaranga vinapozidi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka huu Februari niliona ukijani kwenye kona ya kuingilia maji, nikaufurahia, nikajua samaki wamepata pa kujificha jua. Kufika Aprili kona ile haikuwa bwawa tena, ilikuwa shamba. Leo ni robo tatu ya bwawa zima. Wavu wa kukokota haupiti: unajaa majani, unainuka, perege wanapita chini yake wananicheka.

Si magugu maji yale ya kuelea ya Ziwa Victoria. Hili lote liko ndani ya maji, limeota kutoka chini, shina jembamba, vijani vidogo vimelizunguka. Likifika juu linalala na kujitandika kama mkeka. Mwezi uliopita niliweka vibarua wawili siku tatu, reki na mikono, tukatoa milima. Wiki tatu tu, limerudi na limeongezeka.

Linaitwaje, na dawa yake ni ipi? Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua.

Mpita Njia 77

Ngoja wajuzi waje. Nimevuta kiti, nami nina bwawa Mlali na nimeanza kuona kitu kama hicho.

Chuma cha Pua

Mkuu unajitesa bure. Chukua glaifoseti, ile ile ya kuua magugu kabla ya kupanda mahindi, mwaga lita mbili humo. Wiki moja kimya.

Mzee wa Perege

Chuma cha Pua, hapana mwanangu. Glaifoseti inaingia kwenye mmea kupitia jani lililo hewani. Ukiimwaga bwawani inazimuliwa na maji, inayobaki inanata kwenye tope, na gugu lililozama halisikii kitu. Tena nyingi zimechanganywa na sabuni ya kuifanya dawa ishike kwenye jani, na sabuni hiyo samaki na vyura hawaiwezi. Utazika samaki na gugu libaki linakutazama.

Mleta uzi, mimi nilikuwa afisa ugani wa samaki, sasa nimestaafu, nalea wajukuu na mabwawa mawili. Dawa baadaye. Kwanza tumjue mgonjwa, maana mimea inayozama iko mingi na inafanana, na kila mmoja una tabia yake.

Nenda asubuhi ung'oe mmoja taratibu pamoja na mzizi. Kama hauna mzizi kabisa, unaelea tu ndani ya maji, na kila jani limegawanyika kama uma, likiwa gumu kidogo na umbo zima kama mkia wa paka aliyekasirika, huo ni seratofilamu. Uko Afrika siku zote na hauna mambo mengi. Kama ukiufikicha unanuka kitunguu saumu na unakwaruza kama una mchanga, huo ni kara, mwani mkubwa unaojipaka chokaa ya majini. Huo wala usigombane nao sana.

Kama majani ni mazima na yamezunguka kifundo kama mikono ya pangaboi, hesabu kila kifundo kina mangapi. Hesabu vifundo kumi, usihesabu kimoja ukakimbia. Halafu vuta mmea kati ya vidole kutoka ncha kurudi chini, uniambie ni laini au una meno. Mwisho chimba tope pale ulipoung'oa, kina cha kiganja, ulioshe kwenye ungo. Niambie unaona nini.

Bwawa la Mkuyuni

Mzee shikamoo. Nimefanya yote leo saa moja asubuhi.

Mizizi ipo, myeupe. Harufu ya kawaida ya majani ya majini, kitunguu saumu hakuna. Nimehesabu vifundo kumi: sita vina majani matano, viwili vina manne, kimoja sita, kimoja kimenishinda. Ukivuta kinyume ni msasa kabisa, na kwa macho unaviona vijino pembeni mwa jani. Hata mshipa wa katikati, upande wa chini, una vijimwiba.

Kwenye ungo ndiko nilikoshtuka. Nimepata vitu kama viazi vidogo, vikubwa kidogo kuliko punje ya choroko, vyeupe vya manjano, vingine vimeanza kuchipua. Kiganja kimoja cha tope, viazi saba. Hivi vyote ni vyake?

Mzee wa Perege

Marahaba. Vyote ni vyake. Pole sana.

Hiyo ni haidrila. Kitaalamu Hydrilla verticillata. Ina ndugu wawili wa kufanana nao wanaouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Mmoja ni egeria wa Amerika ya Kusini. Huyo mara nyingi ana majani manne kwa kifundo, marefu kidogo, na mshipa wake ni laini. Akitoa ua ni jeupe la petali tatu, unaliona ukiwa tutani. Mwingine ni elodea, majani matatu matatu. Wote wawili hawana viazi. Kwa hiyo majani matano, msasa, mshipa wenye miba, na juu ya yote hivyo viazi: kesi imekwisha. Ukitaka uhakika wa karatasi, kausha matawi mawili ndani ya gazeti upeleke SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au kwa wataalamu wa mimea pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa unaelewa kwa nini reki imekushinda. Ulichovuna ni majani ya juu, akiba iko kwenye tope. Viazi hivyo vinakaa hai ardhini miaka minne na zaidi vikisubiri. Na kila kipande ulichokikata kikaponyoka, hata chenye duara moja tu la majani, kinaweza kuota mmea mzima. Vibarua wako siku ile hawakupalilia, walipanda.

Nikuulize: hivyo vifaranga vya mwaka huu ulivitoa wapi?

Bwawa la Mkuyuni

Dah. Januari nilinunua vifaranga elfu mbili kwa jamaa mmoja, sitamtaja. Vilikuja kwenye mifuko ya nailoni yenye hewa, na ndani mlikuwa na vijani vijani. Aliniambia ni vya kuwaliwaza njiani. Nikamwaga vyote bwawani, maji na majani. Kona ile ile ya kuingilia maji.

Mpita Njia 77

Vya kuwaliwaza njiani 😂😂 mkuu umeuziwa samaki ukapewa na shamba lake.

Na mimi nimetoka kuhesabu yangu Mlali. Majani ya uma, hakuna mzizi. Nimelala usingizi leo.

Tampa255

Naandika kutoka Florida, nipo huku mwaka wa tisa, kazi yangu ni matunzo ya mabwawa ya nyumba za watu. Haidrila kwetu ni mkate wa kila siku. Ililetwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo miaka ya 1950, ikatupwa kwenye mifereji, kilichofuata ni historia. Mche ukiwa na nguvu unarefuka hadi sentimita mbili na nusu kwa siku. Na kinachoumiza: inahitaji mwanga kidogo mno, inaanza kazi asubuhi kabla mimea mingine haijaamka.

Dawa zipo huku, fluridoni ndiyo iliyotumika sana, na matokeo yake haidrila ya baadhi ya maziwa ikaizoea. Watu wakarudi kwenye mchanganyiko wa dawa ghali zaidi. Nasema hivi ili mtu asidhani Wamarekani wana siri. Wana bajeti tu.

Kuna jambo jingine la ajabu. Kwenye mabwawa makubwa ya kusini mashariki mwa Marekani kuna bakteria wa jamii ya mwani anayeota juu ya jani la haidrila na kutoa sumu. Ndege wa majini wanakula majani, tai wanakula ndege, tai wanakufa ubongo umeharibika. Vifo vya kwanza vilionekana Arkansas 1994, na sumu yenyewe ilikuja kutambuliwa 2021. Sijasikia habari hiyo Afrika, msiogope kula perege wenu.

Warusizi

Mimi niko Bujumbura. Samahani niulize: mbona mnaisema kama jini? Huku Tanganyika haidrila ipo, tena ya siku nyingi, inaota pembeni mwa ziwa na samaki wadogo wanazaliana humo. Haijafunga ziwa. Tena wazungu kutoka Florida walikuja huku Burundi, na Kenya na Uganda, kutafuta wadudu wanaoila ili wawapeleke kwao. Kwenye ziwa letu walikuta vibuu vya visubi vinavyotoboa ncha za shina.

Mzee wa Perege

Warusizi, umeleta hoja niliyokuwa naikwepa maana ni ndefu.

Asili yake kubwa ni Asia, lakini kwenye maziwa makuu ya huku imeonekana zamani kiasi kwamba kuiita mgeni Tanganyika ni ubishi. Kule ina wadudu wake, ina mawimbi, ina kina, ina washindani. Inakaa adabu. Bwawa la kuchimba halina hata kimoja cha hivyo: kina kifupi, maji yametulia, hakuna adui. Ukihamisha mmea ule ule kwenda kwenye maji yasiyoujua ndipo unapovamia. Bwawa la Jozini, Afrika Kusini, liligunduliwa kuwa nayo mwaka 2006, na kule haina wenyeji wa kuila. Kwa hiyo mleta uzi, kwako ni mvamizi, na kwa hicho kijito kinachopokea maji yako ni mvamizi zaidi. Maji unayotoa yanakwenda wapi?

Bwawa la Mkuyuni

Yanarudi kijitoni, mita mia chini. Chini yangu kuna wenzangu watatu wenye mabwawa.

Mzee wa Perege

Basi kabla hujalala leo funga wavu wa chandarua, mara mbili, kwenye bomba la kutolea. Usiku huu huu. Mengine yanangoja.

Mama Kirinyaga

Hamjambo. Mimi ni mfugaji Kenya, upande wa Kirinyaga. Nataka niwaambie yaliyonipata ili mtu asirudie. Bwawa langu lilijaa majani ya chini, sikujua hata jina, nikaenda duka la dawa za kilimo nikauliziwa swali moja tu: uko na pesa ngapi? Nikapewa dawa ya maji, sitasema duka. Nikamimina bwawa lote siku moja. Siku nne majani yakageuka kahawia, nikamwambia mzee wangu tumeshinda. Siku ya sita, saa kumi na moja asubuhi, tilapia wote wako juu wamefungua mdomo. Saa mbili walikuwa wamelala ubavu. Kilo mia mbili na kitu. Kambale peke yao ndio walibaki wanazunguka katikati ya maiti.

Afisa wa samaki alikuja akaniambia sio dawa iliyowaua. Ni yale majani yakioza.

Mzee wa Perege

Pole mama. Na afisa alisema kweli. Mchana mmea unatoa hewa, usiku unaivuta pamoja na samaki. Ukiua wote kwa pamoja, anayetoa hewa mchana hayupo, na bakteria wanaoozesha mzoga wake wanavuta usiku na mchana. Alfajiri ndiyo saa hewa iko chini kabisa, ndiyo maana huzuni za wafugaji wa samaki zinatokea kabla ya chai. Kambale wako walipona kwa sababu wanapanda juu wanavuta hewa yenyewe, perege hawana kifaa hicho.

Kwa hiyo iwe dawa, iwe reki: robo ya bwawa, subiri wiki mbili, robo nyingine. Na ulichong'oa kitoke nje ya maji siku hiyo hiyo.

Chuma cha Pua

Sawa mzee, glaifoseti nimeondoa. Je mrututu? Babu yangu alikuwa anaweka mrututu kwenye kisima.

Mzee wa Perege

Mrututu ni chumvi ya shaba, unaua mwani, na konokono pia. Haidrila yenye viazi itaunguzwa majani ianze upya. Shida kubwa iko hapa: maji ya Uluguru ni laini, hayana chokaa ya kutosha, na kwenye maji laini shaba kidogo tu inatosha kuua samaki. Kipimo kilichokuwa salama kwa babu yako kinaweza kuwa msiba Mkuyuni.

Chuma cha Pua

Basi alete wale samaki wanaoitwa kapu wanaokula majani, wa Kichina. Nimeona video, wanafyeka bwawa kama ng'ombe.

Tampa255

Kaka video hizo hazikuonyeshi mwaka wa tatu. Ziwa Conroe kule Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliweka kapu hao kama 270,000. Haidrila ilikwisha, kweli. Na kila jani jingine ndani ya ziwa likaisha nayo. Huku Florida lazima wawe tasa, wenye seti tatu za kromosomu, na unaomba kibali kwanza.

Mzee wa Perege

Na kwetu kuingiza samaki hai wa kigeni kunataka kibali vile vile. Mwenye bwawa linalomwaga kijitoni akiwaleta kimyakimya atakuwa ametibu mvamizi kwa mvamizi.

Tuna perege wetu mla majani, yule wa mgongo mpana ambaye Malawi wanamwita chilunguni. Huyo anakula majani kwelikweli akishakua. Perege wengi wanaofugwa, pamoja na sato, wanategemea zaidi vijidudu na mwani wa majini, haidrila wanaikwepa. Lakini huyo chilunguni naye si wa kila bonde. Usimtoe Nyasa kwenye ndoo ukamleta Morogoro. Waulize kwanza pale kituo cha samaki cha Kingolwira wakuambie nani anaruhusiwa kwenye maji yako.

Mbeba Box Galway

Salaam kutoka Ireland. Uzi huu umenikumbusha kitu. Hapa kuna ziwa kubwa, Corrib, mwaka 2005 lilikutwa na gugu la chini ya maji linaitwa lagarosifoni. Asili yake? Afrika ya kusini. Na sisi tumewahi kuwauzia wenzetu balaa.

Walikata na mashine, likarudi. Halafu wakajaribu kitu ambacho mtu yeyote wa Kariakoo angekifikiria: magunia. Juti. Wakayatandaza chini ya ziwa juu ya gugu, gugu likakosa mwanga likafa. Uzuri wake, juti inapitisha gesi na maji, haivimbi kama nailoni, na mimea ya kienyeji mingine ilipenya kwenye matundu ikaota juu yake. Baada ya muda gunia lenyewe linaoza.

Bwawa la Mkuyuni

Nailoni nyeusi nilishajaribu kona moja. Ilivimba kama andazi ikaelea juu. Kumbe ni gesi.

Nesi wa Kata

Jamani mnaongea samaki tu. Mleta uzi, hao vibarua walioingia siku tatu walivaa nini? Na watoto wako wanaogelea humo?

Bwawa la Mkuyuni

Dada, walivaa kaptula. Watoto ndiyo, wanaoga pale pa kuingilia maji.

Nesi wa Kata

Basi wapeleke wote zahanati wapimwe kichocho, na wewe mwenyewe. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda sana majani yaliyozama: wanakula utando ulio juu ya jani, wanataga mayai hapo hapo. Ukiwa na shamba chini ya maji una mji wa konokono. Senegal walifanya utafiti, ukachapishwa 2023: kwenye vijiji vya kando ya maji walitoa majani ya chini ya maji, mengi yakiwa hiyo seratofilamu mliyoitaja, zaidi ya tani 400, na watoto wa vijiji vilivyosafishwa walipata upya kichocho cha tumbo kwa kiwango kidogo kuliko wale wa vijiji ambavyo havikuguswa. Majani wakageuza mboji na chakula cha mifugo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mbolea ya mashambani ikiingia majini inaotesha majani, na majani yanaleta konokono.

Kuingia kusafisha ni mabuti marefu na glavu za mpira. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, ipo.

Mzee wa Perege

Nesi, Mungu akubariki, hilo ningelisahau.

Mleta uzi, sikiliza sasa, nitaandika yote halafu nikapumzike.

Bwawa lako ni dogo na lina bomba la kutolea. Hiyo ni bahati ambayo mwenye ziwa hana. Vua samaki wote, uza wakubwa, wadogo waweke kwa jirani ndani ya kizimba cha wavu (wafugaji wanakiita hapa), lakini maji ya kubebea yatoke kisimani, si bwawani kwako, na suuza kila samaki asiende na uzi wa jani. Toa maji polepole kupitia chandarua mbili, mtu akae pale anatoa majani. Bwawa likikauka liache lipigwe jua mpaka tope lipasuke uweze kuingiza mguu kwenye ufa. Jua peke yake haliui viazi vya chini, kwa hiyo kwangua tope. Viazi vinaweza kwenda chini hadi sentimita 30, ila vingi viko juu ya hapo. Tope hilo lipande juu, kwenye migomba, mbali na mfereji, lisirudi na mvua.

Kisha kingo. Nakisia pembeni mwa bwawa lako maji yanafika magotini. Hapo ndipo nyumbani kwake, mwanga unafika chini. Chimba kingo ziwe wima zaidi, maji yawe angalau sentimita 75 mara tu unapoingia. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kwako ni kati ya kilo 60 na 120. Hii haiui viazi, msije mkanishika uongo. Ni ya kurekebisha tope na hayo maji laini.

Halafu kosa ambalo hukulitaja lakini nimelisoma kwenye maneno yako. Unayaacha maji yapite mchana na usiku, sivyo? Wengi wa milimani wanafanya hivyo, wanaona maji safi ni afya. Bwawa la perege halitakiwi kuwa safi. Maji yanayopita yanaondoka na mbolea yako na mwani wako, yanabaki meupe kama glasi, jua linafika chini, unailisha haidrila. Funga mfereji. Ongeza tu yaliyopungua kwa jua na kuvuja. Weka samadi ya kuku ndani ya kiroba kilichotobolewa, ukifunge kwenye mti pembeni, mpaka maji yawe ya kijani. Kipimo huna haja ya kununua: zamisha mkono mpaka kiwiko kiguse maji. Vidole ukiviona, bado. Kiganja kikipotea, sawa. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, umezidisha, acha samadi.

Ila samadi ukiiweka sasa, gugu likiwa limejaa, itakayoila ni gugu. Mpangilio usigeuzwe.

Bwawa la Mkuyuni

Mzee, umeniona kwa darubini? Mfereji haujafungwa tangu nichimbe bwawa. Na pembeni ni magotini, kweli.

Mpita Njia 77

Mleta uzi rudi na mrejesho usitupotee kama wale wa nyuzi nyingine, mtu akipona anasahau hospitali.

Bwawa la Mkuyuni

MREJESHO, miezi mitano baadaye.

Wakuu nipo. Nilivuna Julai, nikapata kilo 140, chini ya nilivyotarajia, nusu ya samaki walikuwa wadogo kwa sababu chakula nilichokuwa narusha kiliishia juu ya mkeka wa majani. Watoto wawili na kibarua mmoja walikutwa na kichocho, wametibiwa. Nesi asante sana.

Kutoa maji kulichukua siku tatu maana chandarua kiliziba kila baada ya nusu saa. Kwa mita zile 600 za mraba tulitoa tope toroli mia tatu na kitu, nikaacha kuhesabu. Migomba sasa imestawi mpaka majirani wanauliza nimeweka mbolea gani. Kingo nimezichimba tatu. Ya nne ina mwamba, jembe linarudi, kwa hiyo hapo nikajaribu mambo ya Galway: magunia ya juti niliyoyapata kwa mtu wa kahawa, nikayashona pamoja, nikayaweka mawe juu kabla ya kujaza maji.

Nilijaza Septemba, mfereji nikaufunga, kuku wakafanya kazi yao. Wiki ya pili maji ya kijani, kiganja kinapotea. Nikaweka vifaranga, safari hii nimevipokea kwenye beseni, nikavihamisha kwa kichujio kimoja kimoja, maji ya mfuko nikayamwaga kwenye vumbi mbele ya muuzaji. Alinuna.

Haidrila? Ipo. Oktoba nilitoa michipuko arobaini na mmoja, nikiufuata kila mmoja kwa vidole mpaka kwenye kiazi. Mwezi huu kumi na saba. Yote iko katikati pale nilipokwangua haraka haraka siku ya mwisho. Kwenye magunia hakuna hata mmoja, ila upande ambao mawe yalisogea kuna mchipuko umetokea pembeni ya gunia kama mtoto anachungulia dirishani.

Mzee wa Perege

Umefanya kazi mwanangu. Kumi na saba siyo tatizo, mradi kila wiki unaingia. Usiruhusu mmoja ufike juu ukatengeneza viazi vipya. Hesabu yako iandike kwenye daftari, miaka minne.

Mama Kirinyaga

Hongera. Na majani uliyotoa, uliyapeleka wapi?

Bwawa la Mkuyuni

Niliyaanika kwenye mwamba mpaka yakawa kama tumbaku, mengine mboji. Jirani wa chini alikuja anataka mabichi ya ng'ombe wake, abebe kwenye mkokoteni kupitia kivuko cha kijito. Nilimkatalia, akaondoka kanuna, anasema namnyima majani. Jana nimempelekea kiroba kikavu. Ng'ombe wamekula. Yeye bado hajanisalimia.